Miwani ya skrini au VR? Namna ya kuchagua, kupima na kufunga bila kupoteza hela (mwongozo kamili)

Haiishi wiki bila mtu kuniletea kifaa cha kuvaa usoni anachosema ni kibovu, hakiwaki. Nakichomeka kwenye simu yangu, kinawaka. Kifaa kizima kabisa, simu yake ndo haina uwezo wa kukipelekea picha. Na wengine ni kinyume chake, kuna dada wa Tabata alinunua hedseti ya VR (ile ya kufunika macho yote inayokuingiza ndani ya dunia ya picha) ili awe anaangalia muvi kitandani mtoto akishalala, kumbe ile kitu ni nusu kilo, baada ya dakika ishirini shingo inauma na ukilala chali inakukandamiza uso, saivi iko juu ya kabati.

Wote hawa walikosea sehemu moja. Dukani waliuliza "ipi bora?", na muuzaji atakujibu bora ni ile aliyonayo. Swali la kuuliza ni hili: hii kitu itapata picha kutoka wapi, na mimi nitaivaa nikiwa wapi? Ukilijibu hilo ukiwa bado nyumbani, hela yako iko salama. Ndo maana hatua nyingi hapa chini zinafanyika kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yako unayoitumia kila siku, sio ya kuazima
- Waya wa taipu C kwenda HDMI, hata wa kuazima kwa jirani
- TV yoyote, ukijua inchi zake
- Futi ya fundi cherehani na rula yenye milimita
- Kioo cha ukutani
- Cheti chako cha macho kama unavaa miwani ya daktari
- Muvi moja uliyoishusha kwenye simu, iwe na maandishi ya chini
- Kwa anayetaka VR: Wi-Fi, bando la kutosha, betri mbili ndogo za AA na taa ya kuchaji

Taa ya kuchaji msiidharau, nitaieleza huko mbele.

## Hatua ya 1: Jua umeshika nini mkononi

Mezani pale dukani utakuta vitu vya aina tatu na vyote vinaitwa VR. Sio kweli.

Miwani ya skrini. Inafanana na miwani ya jua iliyonenepa kidogo. Ndani kuna viskrini viwili vidogo sana na vioo vinavyorusha picha machoni. Mfano ni Xreal Air, Rokid Max na Viture One. Uzito wake ni gramu 70 hadi 85 hivi. Nyingi hazina betri wala hazina kompyuta ndani, ni TV tu isiyo na king'amuzi. Usipoichomeka kwenye kitu kinachotoa picha inabaki kuwa miwani ya giza.

Hedseti ya VR. Hii inafunika macho yote. Quest 3 ya kampuni ya Meta ina gramu 515 na Quest 3S iko hapo hapo. Ndani kuna kompyuta kamili, betri, kamera za kuangalia chumba na mikono yako, na inajiendesha yenyewe bila simu. Ukipiga hatua mbele na kwenye picha umesogea, ukichuchumaa umechuchumaa. Ile ya PlayStation, PS VR2, ina gramu 560 na haina kompyuta ndani, inategemea PS5 kwa waya.

Boksi la plastiki la kuweka simu. Hili ndo linalowaumiza watu zaidi, kwa sababu ni la bei rahisi na kwenye boksi limeandikwa VR kwa maandishi makubwa. Ni lenzi mbili na plastiki, kila kitu kingine inafanya simu. Simu isipokuwa na gairoskopu (kihisi cha kujua imegeuzwa vipi), na nyingi za bei ya chini hazina, ukigeuza kichwa picha haigeuki vizuri au haigeuki kabisa. Hata ikiwa nayo, ukitembea picha haitembei na wewe. Apu zake za maana zilishaachwa zamani, Google na Samsung wote walijitoa kwenye mambo ya VR ya simu. Kwa ushauri wangu usinunue, hata kama ni zawadi ya mtoto.

Tofauti ya kuingia kichwani ni hii: miwani ya skrini inakuletea TV mbele ya macho na bado unaona chumba chako pembeni. VR inakutoa chumbani. Ukitaka kuangalia mechi, muvi, au kufanya kazi ya laptopu bila jirani wa siti kuchungulia, ni miwani. Ukitaka kucheza ngumi kwa mikono yako, kufanya mazoezi au kuingia kwenye gemu mwili mzima, ni VR. Inayofanya vyote viwili kwa ukamilifu kwa bei ya mtu wa kawaida bado sijaiona.

Kama umeshajua wewe ni wa VR tu, ruka hatua ya 2.

## Hatua ya 2: Pima kama simu yako inatoa picha

Hapa ndo wengi wanafeli, kwa hiyo tuende polepole.

Tundu la taipu C ni umbo tu. Ndani yake kunaweza kuwa na kuchaji peke yake, kuchaji na kuhamisha mafaili, au hivyo vyote pamoja na kutoa video. Huo uwezo wa kutoa video unaitwa DisplayPort, na watengenezaji wa simu za bei ya kati na chini huwa wanauacha ili kupunguza gharama. Kwa macho huwezi kujua, matundu yote yanafanana.

Kwa ufupi iko hivi. Samsung za S kuanzia S8 na zile za Fold zinatoa. Samsung za A kwa kawaida hazitoi, hata zile A za bei. iPhone 15 na 16 zinatoa, iPhone 14 kurudi nyuma zina tundu la Lightning kwa hiyo mpaka adapta. Tecno, Infinix, itel na Redmi nyingi tunazotembea nazo mjini hazitoi, na hili nalisema kwa masikitiko maana ndo simu za wengi wetu.

Usiniamini mimi tu, jipime:

1. Chomeka waya wa taipu C kwenda HDMI kwenye simu, upande wa pili kwenye TV.
2. Geuza TV kwenye HDMI husika.
3. Subiri sekunde kumi. Simu iwe imefunguliwa, isiwe imelala.

Ukiona skrini ya simu imetokea kwenye TV bila kugusa chochote, umefaulu, miwani itawaka. Kwenye Samsung inaweza kukuuliza kama unataka DeX (muonekano kama wa kompyuta) au kuakisi skrini, zote ni dalili nzuri.

Angalizo kubwa: kuna waya zinauzwa zimeandikwa zinafanya kazi "na simu zote". Ukichomeka zinakuambia uskani kodi na kupakua apu. Hizo zinadanganya mfumo, zinachukua picha kwa njia ya kuzunguka na kuipeleka kwenye TV. Picha itatokea kwenye TV na utafurahi, ila miwani haitawaka na simu hiyo. Kipimo cha kweli ni waya ambao haukuombi apu yoyote.

Kitu kingine, usipime kwa waya wa chaja. Waya nyingi za taipu C kwenda taipu C zinazokuja na simu ni za kuchajia tu, hazina nyaya za kupitisha video. Miwani inakuja na waya wake kwenye boksi, huo ndo wa kutumia, na kama unanunua mtumba bila waya wake halisi punguza bei au achana nayo.

Simu ikifeli bado hujakwama. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zina taipu C ya kutoa video, angalia kialama cha DisplayPort au cha radi pembeni ya tundu. Steam Deck, ile kompyuta ya magemu ya kushika mkononi, inachomekwa moja kwa moja. PS4, PS5 na king'amuzi zinatoa HDMI, kwa hiyo unahitaji adapta ya HDMI kwenda taipu C, na hiyo adapta lazima iwe na sehemu ya kuingizia umeme kwa sababu HDMI haiwezi kuilisha miwani. Watu wananunua adapta ya kugeuza upande usio wenyewe, ya taipu C kwenda HDMI, zinafanana kama mapacha. Mwelekeo ni kitu muhimu: picha inatoka kwenye HDMI inaingia kwenye taipu C.

## Hatua ya 3: Pima "inchi 130" kwa TV ya nyumbani

Kwenye boksi la Xreal Air wanasema skrini ya inchi 130. Mtu anasoma anafikiria ukumbi wa sinema, akivaa ananuna. Hawajadanganya, ila sentensi ina nusu ya pili ambayo watu hawaisomi: inchi 130 ukiiangalia ukiwa mita 4.

Ukubwa unaouona ni suala la pembe, sio inchi. Jicho linapima kitu kimechukua sehemu gani ya unachokiona. Xreal Air inachukua nyuzi 46 kutoka kona hadi kona. Ukitaka kuiona hiyo nyumbani, fanya hesabu hii rahisi: chukua inchi za TV yako zidisha mara 3, jibu ni sentimita za kukaa kutoka kwenye TV.

TV ya inchi 32, kaa sentimita 96. Ya inchi 43, kaa sentimita 129. Ya inchi 55, sentimita 165. Pima kwa futi kutoka kwenye kioo cha TV mpaka kwenye jicho lako, zima taa, weka muvi, kaa dakika tano.

Hicho unachokiona ndo utakachopata, ukubwa ule ule. Kama umesema "aah safi, hii inanitosha", miwani itakufurahisha. Kama umesema "mbona nimekaa tu karibu na TV", basi ulikuwa unataka kuzungukwa na picha, na hiyo ni kazi ya VR. Quest 3 inachukua nyuzi 110 kwa upana, unageuza kichwa bado uko ndani. Rokid Max na Xreal One zinafika nyuzi 50, ni kubwa kidogo tu kuliko 46, usitegemee miujiza.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana hapa VR inapoteza na wauzaji hawasemi. Kwenye miwani, pikseli (vinukta vinavyounda picha) 1920 za upana zimebanwa kwenye nyuzi kama 40, hiyo ni karibu pikseli 48 kwa kila nyuzi moja. Kwenye Quest 3 pikseli ni nyingi zaidi, 2064 kwa 2208 kwa kila jicho, lakini zimetandazwa eneo kubwa, zinabaki 25 hivi kwa nyuzi. Quest 2 na 3S ni kama 20.

Maana yake ukitengeneza TV ya ukubwa ule ule ndani ya Quest 3, muvi yako ya 1080p inaonyeshwa kwa pikseli kama 1000 tu za upana, na kwenye 3S kama 800. Ndo maana maandishi ya chini yanaonekana yana ukungu, na namba ndogo za Excel zinachosha macho. Unaweza kuikuza hiyo TV ya ndani ili upate pikseli nyingi zaidi, inasaidia, ila ndo unaanza kuzungusha shingo kufuata mpira. Kwa mechi na muvi, mimi binafsi nachukua miwani bila kufikiria mara mbili.

## Hatua ya 4: Pima macho yako

Simama mbele ya kioo, kama sentimita 20. Weka rula juu ya pua. Fumba jicho la kulia, linganisha sifuri na katikati ya mboni ya kushoto. Bila kusogeza rula, fungua la kulia fumba la kushoto, soma milimita iliyo katikati ya mboni ya kulia. Rudia mara tatu, chukua ya katikati. Watu wazima wengi wako kati ya 58 na 68.

Kwa nini tunahangaika na hili? Lenzi isipokaa katikati ya mboni picha inakuwa na ukungu pembeni na kichwa kinauma, halafu mtu anasema VR haimpendi. Quest 3 ina kigurudumu cha kuzungusha, na Meta wanasema inafaa watu wa 53 hadi 75. Quest 2 na 3S zina nafasi tatu tu, kwenye 3S ni 58, 63 na 68. Kwa hiyo mwenye 71 ahangaikie Quest 3. Miwani ya skrini nyingi haina marekebisho haya, unachoweza ni kubadili vile vipadi vya pua vinavyokuja saizi tofauti kwenye boksi, na hapo ndo kuna siri kubwa: kona ya chini ya picha ikikatika, shida mara nyingi ni pua, sio macho.

Wanaovaa miwani ya daktari, soma hapa. Miwani juu ya miwani haikai, hata usijaribu. Rokid Max ina vigurudumu vya kurekebisha mtu asiyeona mbali, kutoka 0 hadi -6, Viture One mpaka -5. Ila hazirekebishi astigmatizimu (jicho lisilo na mviringo sawasawa), na anayevaa namba za kujumlisha hazimsaidii. Xreal inakuja na fremu tupu, unaipeleka kwa mtu wa miwani mjini akukatie lenzi za namba zako. Ongeza hiyo gharama kwenye bajeti mapema.

Wazee wetu wanaovaa ya kusomea tu wasiogope. Ile skrini, japo iko puani, lenzi zinaifanya jicho liione kama iko mita kadhaa mbele, kwa hiyo asiyeona karibu tu mara nyingi anaiona vizuri bila kuongeza kitu.

Hedseti ya VR inaweza kuvaliwa na miwani ya daktari ndani kama fremu sio pana. Kwenye Quest 2 na 3S weka kile kipande cha kuongeza nafasi kinachokuja nayo, na kwenye Quest 3 sogeza uso wa mbele kwa vitufe vya ndani. Bila hivyo vioo viwili vitasuguana na lenzi ya hedseti ikichubuka hairudi.

## Hatua ya 5: Pima chumba, umeme na bando (kwa wa VR)

Quest ili ikuruhusu kutembea inataka eneo wazi la mita 2 kwa 2. Chukua futi upime chumba chako sasa hivi. Chumba cha futi 10 kwa 10 chenye kitanda cha 5 kwa 6, kabati na ndoo ya maji, hamna mita 2 kwa 2 hapo. Haimaanishi usinunue, inamaanisha utacheza umekaa au umesimama sehemu moja, na uchague magemu yanayokubali hivyo. Nawaambia mapema kwa sababu watu wanarudisha kifaa wakidhani kimegoma kumbe ni chumba.

Ukimaliza kupima chini, angalia juu. Panka ya dari. Simama katikati, nyoosha mikono yote juu kama unaruka. Ukiigusa, au ukikaribia kuigusa, basi kuvaa hedseti panka ikiwa inazunguka ni marufuku nyumbani kwako, nunua ya chini. Na hiyo ya chini ina faida ya pili: ikikupulizia usoni unajua umeelekea wapi, na kichefuchefu kinapungua.

Vioo pia. Meza ya kujiremba na kabati la kioo vinachanganya kamera za hedseti. Tupia kanga juu ya kioo wakati unacheza.

Umeme ukikatika, Quest haizimi, ina betri ya masaa mawili na kitu. Lakini kamera zake zinahitaji mwanga kuona chumba. Giza likiingia inapoteza mikono yako na inakuandikia haikuoni. Hapo ndo taa ya kuchaji inapoingia, iweke juu ya kabati ikimulika chumba chote. Hakuna mtu dukani atakwambia hili. Na ukitaka kuichajia kwenye pawabanki, tafuta yenye kutoa wati 18 au zaidi, zile ndogo za zamani zinaishia kupunguza kasi tu ya betri kuisha.

Bando: siku ya kwanza hedseti inashusha apdeti, inaweza kuvuka GB 1, halafu gemu moja la maana linaweza kula GB 5 hadi 10. Tumia bando la usiku au Wi-Fi ya ofisini kwa ruhusa. Miwani ya skrini kwa upande huu haina njaa, inakula kile simu inachokula.

## Hatua ya 6: Dukani, dakika kumi na tano

Nenda na simu yako iliyofaulu hatua ya 2, muvi iliyoshushwa, na namba yako ya milimita. Mwambie kaka wa dukani kistaarabu kabisa unataka kujaribu kwa simu yako, sio ya kwake. Akikataa shukuru uondoke. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia kifaa kilichojaribiwa kwa simu ya muuzaji, kufika nyumbani kwangu hakiwaki, na hela sikuirudisha.

Kwa miwani: fungua muvi yenye picha nyeupe ya kujaa skrini utafute doa lisilowaka, kisha ya giza tupu utafute nukta inayowaka. Soma maandishi ya chini kwenye kona zote nne. Inamisha kichwa, ikiteleza badili kipadi cha pua hapo hapo. Tingisha waya taratibu pale unapoingia, picha isikatike. Sikiliza spika za pembeni, sauti inatoka nje kidogo na jirani atasikia, hiyo ni kawaida yake.

Kwa VR: angalia lenzi kwa tochi ya simu ukizielekeza mshazari. Unatafuta mikwaruzo, na zaidi unatafuta doa la njano au jeusi kwenye skrini ukiwasha. Doa hilo ni jua, nitalieleza mwishoni, na halitibiki. Jaribu kontrola (vishikio vya mkononi) zote mbili, kila kitufe, na uachie kijiti uone kama kitu kinasogea chenyewe. Kama ni mtumba, mwenye nacho afute kila kitu na kutoa akaunti yake mbele ya macho yako, iwake kama mpya ikiuliza lugha. Quest ya kwanza ya 2019 na Oculus Go ya 2018 usichukue hata kwa bei ya kutupa, zimeshaachwa.

Bei za kujipimia: Quest 3S ilizinduliwa 2024 kwa dola 299 na Quest 3 mwaka 2023 kwa dola 499, Xreal Air ilianza dola 379, zote bei ya Marekani kabla ya kodi. Hapa ongeza usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 18 na faida ya mtu. Dai risiti ya EFD na waranti iandikwe siku ngapi.

## Hatua ya 7: Kufunga

Miwani ni rahisi. Toa kava la simu kwanza, kava nene linazuia waya kuingia mpaka mwisho na hii peke yake nimeitatua mara nyingi. Chomeka upande wa miwani, kisha wa simu. Picha itokee ndani ya sekunde chache. Picha ikitokea ila muvi ya apu ya kulipia ikawa nyeusi na sauti inasikika, hiyo ni kinga ya kunakili, jaribu muvi uliyoshusha mwenyewe uone: ikicheza basi miwani nzima, ni hiyo apu na adapta yako hazielewani. Na kumbuka miwani inanyonya betri ya simu. Kama unaangalia mechi mpaka dakika za nyongeza, tafuta adapta yenye tundu la kuchajia wakati huo huo.

VR anza kwa kuichaji mpaka ijae. Shusha apu ya Meta Horizon kwenye simu, washa Bluetooth na lokesheni, fungua akaunti kwa barua pepe unayoikumbuka nywila yake. Weka betri za AA kwenye kontrola. Vaa, weka lenzi kwenye namba yako ya milimita, kaza mkanda wa nyuma ukae chini ya kisogo, sio katikati ya kichwa, uzito unatakiwa ubebwe na kisogo na paji la uso, sio mashavu. Unganisha Wi-Fi, acha apdeti iishe kwenye chaja, usiizime katikati. Kama hotspoti inatoka kwenye simu ile ile yenye apu na haziunganiki, tumia hotspoti ya simu nyingine.

Chora mpaka wako wa kuchezea ukiacha hatua moja kutoka kwenye TV. Kamba ya kontrola ivaliwe mkononi kila mara, hata kwa dakika moja.

Siku ya kwanza dakika 10 hadi 15, umekaa. Ukihisi jasho la baridi au mate yanajaa vua hapo hapo, usijikaze, mwili unaojilazimisha unajifunza kukichukia kifaa. Pumzika mpaka iishe kabisa, kesho rudia. Mwenye kifafa aongee na daktari kwanza. Watoto chini ya miaka 10 Meta wenyewe wamekataza.

Umefaulu kama unaweza kusoma menyu bila kukaza macho, ukigeuza kichwa haraka dunia haitetemeki, na ukivua hujisikii kuyumba.

## Hatua ya 8: Kutumia na kutunza kwa mazingira ya Dar

Safarini chukua miwani. Kwenye basi la mkoa au SGR iweke kwenye hali ya skrini kufuata kichwa, ukiiacha ile ya kuganda sehemu moja kila kona picha itateleza pembeni, kwa sababu vihisi vinadhani umegeuka wewe kumbe limegeuka basi. Mchana dirishani picha inafifia, weka kile kifuniko cheusi cha mbele. Kwenye daladala, Mwendokasi au bodaboda usivae, usalama wako na wa kifaa. Hata kwenye basi, begi liwe limefungwa mguuni maana umeziba macho na masikio.

Jasho: nunua kifuniko cha silikoni cha uso wa hedseti, ile sponji yake ikinywa jasho la Februari hainukii vizuri na inawasha ngozi. Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu cha miwani. Spiriti, sanitaiza, pindo la tisheti, hapana.

Sasa jua. Lenzi ya VR ni kama ile kioo tuliyochomea karatasi shuleni, ila inachoma kuelekea ndani, kwenye skrini. Mwanga wa jua ukipita dirishani ukaipata lenzi dakika chache tu, doa limeshaungua. Ukivua ilaze uso chini juu ya kitambaa au irudishe kwenye boksi, na dirisha lenye jua la asubuhi kaa nalo mbali. Usiiache kwenye gari lililopaki juani hata ikiwa ndani ya begi, betri haipendi lile joto.

Na kwa sisi tunaoishi karibu na bahari, unyevu unaleta ukungu ndani ya lenzi. Vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye boksi la viatu vipya usivitupe, weka vitatu vinne kwenye boksi la kifaa na uvibadilishe kila baada ya miezi michache. Kama hukitumii muda mrefu, kichaji nusu na ukitoe mara moja kwa mwezi kipate hewa.